Breki za Boksi Jekundu

Kwanza nikwambie kwamba haikuwa usiku. Najua visa vya namna hii vimezoeleka kutokea usiku, mtu katoka kilabuni, mwezi haupo, na msikilizaji anapata pa kuchekea. Hiki changu kilitokea saa nne asubuhi, tumboni nina chai ya rangi tu, kwenye mteremko wa kutoka kijijini kwetu Ruanda kushuka Mbaha, ziwani. Usiponiamini, sawa. Wengi hawakuniamini, na mmoja wao nimemzika.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ushirika wetu wa kahawa ulikuwa umekufa kifo cha aibu, wanunuzi binafsi wamejaa vijijini na mizani zao, na magari ya ushirika yakauzwa kwa yeyote aliyefika bei. Landrova mbili kuukuu ziliingia katika ukoo wetu. Moja aliinunua kaka yangu Osmund, ya pili mume wangu Gaudensi. Zilikuwa za umri mmoja na rangi moja ya kijivu, na zote zilivuja kila mahali pa kuvuja. Zilishuka ziwani na mahindi, zikapanda na usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa, na mimi ndiye niliyewauza sokoni Mbinga.

Basi masta silinda ya Osmund ikachoka. Kwa asiyejua, hicho ni kile chuma kinachosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Kikifa, unakanyaga hewa. Fundi Betram, aliyezeekea kwenye gereji ya ushirika, akamwambia nyuma ya gereji kuna mzoga wa landrova nyingine, na masta yake bado nzima.

"Ni kuukuu, lakini ni ya kiwanda chake, na ndani haina mkwaruzo," alisema. "Nitaisafisha nikufungie. Au nenda dukani ukachukue mpya, ila hizi mpya sizijui baba yao."

Osmund akaja juu. "Kuukuu tena? Miaka yote ya shida tumevaa viraka, leo vitu vimejaa madukani unanirudisha kwenye vyuma chakavu?"

Tuliokaa miaka bila sabuni wala tairi, tulitoka kwenye dhiki ile na ugonjwa mmoja: tuliamini boksi. Kitu kikiwa kinang'aa, kimefungwa nailoni, kina maandishi ya Kiingereza, kwetu hicho ndicho orijino. Hata mwenye duka la spea pale Mbinga, mtu wa pwani, mstaarabu, alimwambia wazi, "Ndugu yangu, hii inaingia kwenye gari lako, lakini si ya kiwanda chake. Ya kiwanda chake ni ya kuagiza, uwe na subira." Osmund alisikia neno "inaingia" tu. Akarudi na boksi jekundu kalipakata utadhani anampeleka mtoto kubatizwa. Nikasema mimi ningechukua ile ya mzoga. Nikaambiwa nikauze usipa wangu.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umekaa juu ya ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo, hata kahawa ya jirani huioni. Mbele tulikaa wawili, nyuma magunia. Mwanzo wa mteremko Osmund akasimama, kama madereva wote wanavyofanya pale, akaingiza gia nzito, akafanya ishara ya msalaba. Ndipo nikamwona mzee mmoja upande wangu, kavaa koti la khaki la ushirika, ameinua mkono kuomba lifti. Mkono ule haukuwa na kidole gumba.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikisogea kumpisha.

Hakuitikia. Hebu niambie, umewahi kuona mzee wa kwetu akanyamazia shikamoo? Hata mlevi huitikia. Huyu aliketi, akafunga mlango, akamtazama Osmund. "Mmefunga nini kwenye breki?"

"Mpya, mzee. Orijino," Osmund akajibu kwa maringo.

Mzee akaitazama pedeli. Alinuka mafuta ya breki, ile harufu inayokaa kooni, na bega lake lililogusa langu lilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

Tukaanza kushuka. Kwenye kona ya kwanza nilimwona mzee akikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kama wafanyavyo madereva wakipanda gari la mtu mwingine. Gari likapunguza mwendo. Nikacheka moyoni. Kona iliyofuata akakanyaga tena, gari likapunguza tena. Nikageuka kutazama mguu wa kaka yangu. Niamini nikwambiapo: pedeli ya breki ilikuwa imelala chini kabisa, imegusa bati, na mguu wake umeganda juu yake. Breki hazikuwepo. Kilichotuzuia ni ule mguu wa mzee, uliokanyaga mahali pasipo na pedeli yoyote.

Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Osmund jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mteremko wote tuliushuka hivyo, mzee akikanyaga na kuachia, akigumia kama mtu anayejitwisha gunia. Barabara ilipolala sawa alisema, "Hapa," na gari likasimama. Akashuka, akashika dirisha kwa mkono wake wenye vidole vinne.

"Leo nimewashusha mimi," akamwambia Osmund. "Itoe hiyo. Siwezi kumshusha kila mtu."

Akaanza kurudi tulikotoka. Nilipotoa kichwa nje kumwangalia, huku chini ukungu haukuwepo, barabara inaonekana mbali, na juu yake hapakuwa na mtu.

Unajua kaka yangu alisema nini? Alifuta jasho akasema, "Umeona breki hizo? Mpya ni mpya."

"Na yule mzee?"

"Mzee gani, dada?"

Alimjibu kwa mdomo wake, nikisikia! Lakini kufika Mbaha, huku akipampu breki na kuongeza mafuta kimyakimya hadi pedeli ikainuka, hakukuwa na mzee tena. Na tuliporudi Ruanda akawatangazia madereva wote kwamba boksi jekundu limemshusha mteremko mzima bila wasiwasi.

Mimi nilimsimulia mume wangu kila kitu. Gaudensi alinisikiliza hadi mwisho, maana alinipenda, halafu akacheka. Masta yake ilipokufa, muda si mrefu, nilimsihi achukue ya mzoga au aagize ya kiwanda na kusubiri. "Mke wangu," alisema, "shemeji anashuka na kupanda kila siku na ile ya boksi. Wewe breki unazijulia wapi?"

Akanunua boksi jekundu lake, akaifunga masta ile mwenyewe, akashuka peke yake. Hakuna aliyemsimamisha kuomba lifti. Nilikuwa sokoni napima usipa walipokuja kuniambia, na hadi leo harufu ya usipa mbichi inanitapisha.

Msibani nilimweleza Betram habari za mzee asiye na gumba. Akaweka sahani chini.

"Huyo alikuwa dereva wa ule mzoga," alisema. "Wakati wa shida raba za breki za magurudumu hazikupatikana kokote. Nilimkatia mimi kwa kisu, kwenye ndala. Zilimfikisha kona ya pili."

"Na masta yake ile aliyoikataa Gaudensi, bado iko nyuma ya gereji?"

Betram akanitazama kwa mshangao. "Si iko kwa kaka yako? Siku mliyorudi kutoka Mbaha alinijia jioni, nikatoa ile ya boksi nikamfungia ya mzoga. Akaniomba nisiseme, eti watu watamcheka. Nilidhani shemeji yake mwenyewe atamwambia."

Basi sikiliza uchungu wangu. Kaka yangu alimwona yule mzee, alimsikia, akamtii. Akaishi. Halafu akaendelea kulisifu boksi jekundu mbele ya mume wangu ili asionekane mjinga. Mpaka sasa anasema Gaudensi alikwenda mwendo wa kasi. Sili nyumbani kwake, na siku akifa sijui kama nitakwenda. Mbaha nakwenda kwa miguu, mzigo kichwani, na yule mzee sijamwona tena.

Wewe mwenye gari la zamani, unayeulizia kipi ununue, usimsikilize mtu kwa sababu tu amefika salama. Hujui kilichomfikisha, na huenda hataki ujue. Fungua boneti yake uangalie kwa macho yako. Mume wangu spana alikuwa nazo. Na gari la Osmund, usiku wa kuamkia siku aliyokufa Gaudensi, lililala uani kwetu.