Mataruma ya Baba

Baba yangu alifanya kazi ya reli bara mpaka akastaafu, kisha akahamia Unguja kwa mama, katika fleti yetu ya Michenzani. Kisiwa hakina reli. Hilo halikumzuia kukaa mbele ya televisheni kila msimu wa bajeti, akisubiri waziri ataje matengenezo ya njia.

"Reli mpya kila mtu anaitaka," alikuwa akituambia. "Nani anataka kununua kokoto?"

Mama ni mtu wa Makunduchi, na maneno hayampungukii. "Mume wangu, nshakwambia. Hapa hata kiberenge hatuna. Unamlilia nani?"

"Nalilia mataruma," alijibu baba. Hayo ni yale magogo na vyuma vinavyolazwa chini ya reli, naye aliyataja kama mtu anayeulizia afya za wakwe.

Mwaka juzi tulialikwa harusi Tabora, kwa mtoto wa dada yake baba. Baba akakataa basi. Tukavuka kwa boti, tukapanda treni ya zamani, naye akashika dirisha, sikio nje, akisikiliza magurudumu. Sisi tulikula mayai ya kuchemsha. Yeye alikunja uso kila treni ilipopunguza mwendo.

Katika stesheni moja ndogo tukaambiwa tungoje, treni ya mizigo ipite. Nilipogeuka, baba hayupo. Nikamwona mbele ya injini na mafundi wawili wa njia, vijana, amekwishaazima nyundo yao. Aligonga bolti moja, akainama kusikiliza, akagonga ya pili. Ya tatu ikatoa mlio mzito, kama sufuria lenye ufa.

"Hii imelegea," alisema.

Fundi mmoja akaijaribu kwa spana. Ikazunguka karibu bila nguvu.

"Shikamoo, mzee," yule kijana akasema, kwa mara ya kwanza.

"Marahaba. Mlikuwa hamwijui?"

"Tunaijua, mzee. Tumeomba vifaa, tunaambiwa fungu halijafika."

Baba hakumlaumu. Akavua koti, wakakaza bolti ile na nyingine kadhaa. Treni ya mizigo ilipita njia ya pili, sisi bado tumesimama. Abiria wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza huyo mzee ni nani hata atucheleweshe. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Mstahamilieni," akasema kwa upole. "Bajeti yake imepita leo."

Behewa zima likacheka. Baba alirudi na mikono ya grisi, akakaa, akasinzia mpaka Tabora. Nilikuwa sijapata kumwona akilala ndani ya treni.

Tuliporudi Unguja alimwandikia barua mbunge wetu, amwombe waziri aeleze habari ya fungu lile. Mimi niliona aibu. Jimbo letu lina mitaro ya kuzibua. Lakini mbunge aliuliza kwa maandishi, na majibu yakaletwa nyumbani: serikali itaendelea kutenga fedha za matengenezo kadiri zitakavyopatikana.

Mama aliyasoma kwa sauti, akamtazama mumewe, akingoja baba akasirike ili yeye apate la kusema.

Baba aliichukua ile karatasi, akaisoma tena peke yake, polepole.

"Si vibaya," akasema. "Wamesema matengenezo. Zamani hata neno lenyewe walikuwa hawalitaji."

Kisha akaomba kalamu, ajibu.