Mkaa wa Maganda ya Korosho

Mvua za kwanza zilipoanguka Mkunya, maji ya kisima chetu cha kuvunia mvua yalikuwa ya njano na yananuka salfa. Si jambo geni kwetu. Miezi ya kupulizia mikorosho, unga wa salfa hupeperuka hadi juu ya mabati, ukakaa huko mpaka mvua iuteremshe kisimani. Kila mwaka tunayamwaga maji hayo kwa uchungu, maana huku juu kwenye uwanda wa Newala ukikosa maji ya mvua ni kushuka bondeni na ndoo.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya kemia, kazi sina. Nilimsimulia Mama tulichofundishwa chuoni, kwamba mkaa wa maganda ya mimea hunasa harufu, rangi na baadhi ya sumu za mashambani. Kwangu yalikuwa maongezi tu. Jumapili iliyofuata akawatangazia akina mama wenzake wa kanisani kwamba mwanawe atasafisha maji ya tangi la kanisa.

Hamu ya kula ikanitoka. Nilijaza kurasa za daftari kwa kila kinachoweza kuharibika: mchanga mchafu, ndoo kupasuka, mkaa kuwa mchache. Mimi nimezoea kuwazia kushindwa. Ila safari hii Mama ndiye aliyetoa ahadi mbele ya watu, na ndiye angechekwa.

Maganda tulikuwa nayo tele, kwa kuwa Mama na wenzake hubangua korosho kibarazani kwetu. Niliyachoma kwenye debe, nikayaponda, nikayapanga juu ya mchanga ndani ya ndoo iliyotobolewa. Nikamimina maji ya kisima, yakatoka meupe. Nikayaonja mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Haikupita saa, midomo ikaanza kuwaka; mchana ikavimba.

Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Kila mtoto wa Newala anajua, tangu siku anapojaribu kupasua korosho mbichi kwa meno. Katika daftari zima la hofu zangu, hiyo sikuiandika.

Mwenyekiti wa akina mama alipita siku hiyo hiyo. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha uso. Akaitikia marahaba, akaichungulia midomo yangu, kisha akamgeukia Mama.

"Hiyo digrii bado mbichi. Irudisheni motoni."

Kibaraza kizima kikacheka, Mama akiwemo. Alipoondoka nilimsihi Mama tukaombe radhi mapema, yaishe. Hakunibishia. Alichukua kipande cha mkaa wangu, akakikandamiza kwenye ukurasa mweupe wa daftari. Kikaacha doa la kahawia linalong'aa.

"Ganda halijaiva," alisema. "Likiiva halichafui karatasi. Lete pipa."

Tukachoma upya. Alifunga kitenge puani, akasimama upande usiokuwa na moshi, akangoja moshi mweusi mzito ugeuke mwembamba. Hapo ndipo alipofukia maganda kwa mchanga, yasije yakawa majivu. Kila mchomo aliupima kwenye daftari langu. Doa likazidi kufifia, hadi mchomo wa nne ukaacha vumbi jeusi kavu, nikalipuliza likaruka. Chuoni tulipima kwa mashine. Sikuwahi kuona kipimo kilichonituliza moyo kama ule ukurasa.

Niliosha mkaa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikaupanga upya. Safari hii sikuonja. Nilipanda bodaboda hadi Masasi, chupa ya maji mapajani, nikaipeleka maabara. Majibu yalipotoka nilimuuliza mtaalamu swali lilelile kwa namna tatu. Akajibu zote kwa upole: katika waliyoyapima hakuna la kutisha, ila maji ya kunywa tuendelee kuyachemsha. Nikamwomba aandike.

Kanisani, maji ya tangi yalichujwa na kuchemshwa, yakaachwa yapoe. Mwenyekiti alinusa kikombe, akanusa tena, akanywa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea kichwani. Yeye akanyoosha kikombe aongezewe, kisha akawaambia wenzake wasitupe maganda tena, na kwamba anataka kujua yanachomwaje.

Nilianza kueleza habari za joto na hewa. Nikaishia katikati, nikasema fundi wa moto ni Mama.

Mama alikaza kitenge chake, akawaongoza kuelekea kwetu kwenye pipa, akina mama wote nyuma yake. Nami nikafuata na ndoo mkononi, kifua mbele, kama mtoto wa mtu mkubwa.