Siku gitaa langu liliponyauka jukwaani Makongeni, na kikohozi cha Baba mlangoni

Wakuu, salamu kwenu, mliolala na mlio macho. Haya yalinipata mwenyewe.

Ilikuwa Makongeni, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nyumba za wafanyakazi wa reli, kuta nyembamba. Baba alifanya kazi zamu ya usiku huko reli, kwa hiyo mchana alilala.

Na mchana ndio tulifanya mazoezi.

Tulikuwa watatu. Rajabu alipiga ngoma, Maina besi, mimi gitaa la solo. Waliniita Waya kwa wembamba. Tulipiga roki, nywele zimetuna, suruali zinafagia barabara.

Kelele hazikuruhusiwa. Rajabu alipiga sanduku la bati lililofunikwa blanketi, na kisigino chake kikagonga sakafu badala ya ngoma kubwa. Maina hakuwa na amplifaya. Aliegemeza besi kwenye mlango, mbao zikanguruma kidogo. Mimi niliokota noti zangu juu yao.

Hapa nisimame kidogo. Baba alikuwa mtu wa treni. Mapigo yakienda sawa, alikoroma. Besi ikiteleza kidogo tu kutoka kwa ngoma, aliamka, na nyuma ya pazia tukasikia kikohozi kimoja, kikavu. Tulikiogopa kuliko bakora.

Basi tukapata nafasi kwenye boogie, dansi ya vijana ya Jumapili mchana pale social hall. Baba akasikia. Aliniambia bila kupaza sauti:

"Nitakuja nisimame mlangoni. Watu wakikaa kwenye viti, Jumatatu gitaa linaenda ushago kwa babu yako, na wewe unakuja na mimi karakana."

Hakuwa mtu wa kutishia bure. Redio ya kaka yangu ilishakwenda ushago. Haikurudi.

Jumapili ukumbi ulijaa, unanuka jasho na nta ya sakafu. Tulipewa amplifaya ndefu kama kabati. Nikaangalia mlangoni, nikaiona kofia ya Baba.



Mtu mwenye hofu hutafuta ukubwa, wakuu. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Ikatoka kubwa lakini nyembamba, kama bati linakatwa kwa msumeno. Sikumsikia Rajabu. Sikumsikia Maina. Nilikuwa peke yangu juu ya kamba, na kila nilipohisi naanguka nilikimbia zaidi, vidole vikaniacha nyuma.

Jamaa mmoja wa mbele akauliza, "Waya, unachomelea geti la nani?" Wakacheka. Kisha nikasikia viti vikivutwa. Kimoja, halafu safu nzima. Watu wanakaa.

Rajabu akanyamaza katikati ya wimbo. Maina akanyamaza. Mkono wangu nao ukafa kwenye nyuzi.

Katika kimya kile, kutoka mlangoni, kikohozi. Kimoja, kikavu.

Nilitaka sakafu ipasuke. Maina akanisogelea. Hakunigombeza. Alirudisha kitufe cha sauti kwa mkono wake mpaka nikadhani amenizima, akanisukuma kwa bega hadi kisigino changu kikagusa ubao uliobeba ngoma za Rajabu. Akaninong'oneza:

"Mzee amelala. Usimwamshe."

Rajabu akaanza upya, polepole, kama anapiga lile sanduku. Pigo likapanda kutoka ubaoni hadi kwenye goti langu. Besi ikaja ikalala juu yake, sawasawa, bila kuteleza.

Nikangoja. Kungoja kule kulinitisha kuliko yote.

Kisha nikatia noti moja kwenye nafasi waliyoniachia. Wakuu, ikatoka pana kama ukuta. Gitaa lile lile, sauti nusu ya ile ya kwanza. Besi imelitia tumbo, ngoma imelitia miguu.

Hofu haikuniacha. Nilitetemeka tu ndani ya mapigo, sikuthubutu kuangalia watu. Nikasikia viti tena, nikafumba macho. Kumbe vinasukumwa ukutani, vijana wanapata pa kuchezea.

Kurudi nyumbani Baba alitangulia. Nilibeba gitaa kama mtu anayesindikiza jeneza. Mlangoni akageuka.

"Wewe sikukusikia sana."

Nikalikumbatia gitaa.

"Lakini huu mguu," akaugonga pajani, "ulinisumbua. Haukutaka kutulia."

Akaingia kujiandaa kwa zamu. Jumatatu niliamka nikaangalia ukutani kabla ya kuangalia mtu yeyote. Gitaa lilikuwa palepale.

Nilichojifunza: mpiga gitaa akiogopa, asiongeze sauti. Arudi nyuma, atafute mguu wa mpiga ngoma. Ukubwa wake uko kwa wale wawili ambao watu hawawatazami.

Baba hayupo tena. Lakini mpaka leo, nikipanda jukwaani, kati ya pigo la kwanza na la pili bado nakisikilizia kile kikohozi.

Wapiga besi na ngoma mliomo humu, hebu semeni: mmewahi kumbeba nani mgongoni, naye akadhani anatembea?