Vitanda vya Nyumba ya Mwalimu

Nianze na upumbavu wangu, mengine yatafuata yenyewe. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa kwenye basi la Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, nikitoka shule, vioo vimejaa ukungu, mfukoni nina imla ya Kifaransa ambayo mwalimu aliirudisha akiishika kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu mwingine. Simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa bibi mmoja, jirani yetu wa zamani kule Australia: lango la shule yangu ya zamani, na juu yake ubao wa kutangaza kwamba shule inauzwa. Nikajibu hapohapo: "Msiuze. Tunarudi wote Pasaka. Tandika vitanda." Jibu likaja kabla sijafika kituoni: "Sawa. Nitatandika." Nikacheka mwenyewe mpaka mzee mmoja aliyekaa pembeni akahamisha mfuko wake wa ndizi.

Ili ujue kwa nini nilicheka, rafiki yangu, na kwa nini sasa hata mtu akinitekenya sicheki, lazima nikupeleke kule.

Sisi ni watu wa Kivu. Vita vilipotutawanya, Papa alipotelea upande mmoja na Maman akatokea upande mwingine, Burundi, kambini, akiwa na dada zangu watatu na mimi tumboni. Tulikaa huko hadi nilipoanza kung'oka meno. Kisha tukapelekwa Australia, na si Australia ya kwenye televisheni yenye bahari na watu wenye vifua. Yetu ilikuwa ndani kabisa, barabara moja, maghala ya ngano marefu kuliko kanisa, reli isiyopita treni, na nzi waliokuwa wakazi halali kuliko sisi. Mji ulikuwa umetuagiza. Sikutanii. Shule yao ilibakiwa na watoto wa kuhesabika kwa mkono mmoja na serikali ilitaka kuifunga, basi wakakaa kikao, wakasema tutafuteni familia yenye watoto wengi. Wakatuagiza kama vile watu wanavyoagiza vifaranga.

Tulipofika tulipewa nyumba ya zamani ya mwalimu, mkabala na lango la shule. Ninachokumbuka kwanza ni vitanda. Kila mmoja wetu na chake, shuka zimepigwa pasi hadi zinalia ukizigusa, zikinuka jua na sabuni. Aliyevitandika alikuwa bibi aliyeishi ng'ambo ya barabara, mjane, mrefu, magoti yake mabovu hivi kwamba akiinama ungesikia kama mtu anavunja kuni. Maman aliketi ukingoni mwa kitanda, hakulala, alipapasa tu shuka. Yule bibi tulimwita Koko, kama kwetu tunavyowaita mabibi, naye akaitika tangu siku ya kwanza bila kuuliza maana yake.

Sasa utani wao. Watu wa mji ule hutania na uso mkavu kama wa mtu anayesoma tanzia. Wiki ya kwanza mkulima mmoja alimwambia Maman, taratibu kabisa, kwamba kangaruu wa pale hupita kila Ijumaa kukusanya kodi ya nyumba. Maman akaweka karoti mlangoni. Asubuhi karoti hazikuwepo. Ijumaa iliyofuata akaongeza kabichi. Mji mzima ulijua isipokuwa sisi, na hakuna aliyetabasamu hata kidogo. Walimpungia mkono tu na kumuuliza kama ameshalipa. Alipogundua hakununa. Aliwaalika watu kula fufu, ugali wetu wa muhogo, na walipomaliza akawaambia, uso mkavu vilevile, kwamba kwetu mgeni akishashiba huosha sufuria kisha hufua mapazia. Wakafua. Mkulima yule alisimama kwenye beseni, suruali amekunja, hadi Koko akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo tukawa watu wa pale.

Mimi nilisomea chuo hicho cha utani. Koko ndiye alikuwa mwalimu wangu mkuu. Nilimwambia kuna nyoka kwenye choo chake, akanijibu anajua, ni mpangaji. Nilimwambia Maman amekufa kwa kula mkate wake wa tangawizi, akaniuliza kama nami nataka kipande. Ukicheka wa kwanza, umeshindwa. Nilikuwa nashindwa kila siku.

Na maisha yalikuwa nini? Asubuhi kengele ya shule, ya shaba, iliyovutwa kwa kamba. Mchana joto la kuoka matofali, na mlango wa waya wa kila nyumba ukigongagonga. Ukipita barabarani kila dereva aliinua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimu, na mimi, mdogo nisiye na gari, niliinua changu juu ya usukani wa baiskeli. King'ora cha moto kilipolia, muuza mkate aliacha unga, kinyozi akamwacha mtu na nusu ya nywele, wote wakakimbilia lori jekundu, maana zimamoto walikuwa wao wenyewe.

Lakini nikikumbuka kitu kimoja tu kabla ya kulala hapa kwetu Etterbeek, Brussels, ambako jirani wa juu hukokota viti, nakumbuka sakafu. Kabla ya kila dansi ya mji, ukumbi ulimwagiwa nta ya mishumaa iliyosagwa, kisha watoto tukakalishwa juu ya magunia, watu wazima wakashika ncha na kutuburuta huku na huko mbiombio hadi mbao zikang'aa. Matako yetu ndiyo yaliyokuwa mashine. Gunia lilinuka ngano na vumbi, dada zangu walipiga kelele, na ukutani majina ya vijana wa mji waliokufa vitani ng'ambo yalitutazama, mengi mno kwa mji mdogo kiasi kile. Koko alikaa pembeni na chai yake, akasema sakafu ile haikung'aa hivyo tangu wanawe waende mjini. Alisema na uso mkavu. Nikadhani ni utani.

Mwalimu wetu, mwanamke mmoja aliyefundisha madarasa yote katika chumba kimoja, alikuwa na ukuta wa picha za shule za miaka yote. Alitupitisha kama watalii. Picha za mwanzo watoto wamejaa hadi wengine wanakaa chini, miguu mitupu; wakati huo treni ilisimama pale na sufu ilikwenda hadi Ulaya. Halafu benchi moja linapungua. Halafu jingine. Siku moja alitutoa nje, akatuonyesha mti wenye kovu refu pale ambapo wenyewe wa ardhi ile walibandua gome zamani sana, kabla ya wenye kondoo kuja na kuwafukuza. Akasema kila aliyekuwa hapa alidhani atabaki. Mimi nikauliza kama hilo linakuja kwenye mtihani. Darasa likacheka. Picha ya mwisho ukutani ilikuwa yetu, na ndani yake mimi nimefumba macho makusudi.

Kisha Papa akapatikana. Hai. Brussels, anaendesha basi. Tonton mmoja, yaani mzee wa kwetu, wa kanisani kule, alimtambua kwa sauti kabla ya sura, habari zikazunguka hadi zikafika kwenye nyumba ya mwalimu, na Maman akacheza jikoni akiwa ameshika mwiko, analia, anacheza, ugali unaungua. Ungefanya nini wewe? Karatasi zilichukua muda mrefu, tukaondoka. Siku hiyo mji wote ulisimama kando ya barabara. Hakuna aliyetaja shule. Koko alinipa mkate wa tangawizi uliofungwa kwenye taulo na kuniambia nisiule wote, nimwachie nyoka.

Baada yetu walibaki watoto wawili wa shambani. Mwisho wa mwaka ule shule ilifungwa. Mwalimu akahamishwa. Muuza mkate akafuata, kwani mkate wa nani? Pampu ya mafuta ikang'olewa. Koko aliniandikia kila siku yangu ya kuzaliwa, na humo kidogokidogo nikausoma mji ukizimika: king'ora kililia, wakatokea wazee wawili, lori likakataa kuwaka, ghala la mkulima likaungua wakitazama. Hakuna hata mara moja aliposema ni kwa sababu yenu. Afadhali angesema.

Kwa hiyo unaona sasa. Nilipoandika "tandika vitanda" nilikuwa natania kwa lugha yao, uso mkavu, kama alivyonifunza. Na alipojibu "nitatandika" nikadhani naye ananijibu kwa lugha hiyohiyo. Nikajisemea, huyu mzee bado hajashindwa.

Wiki chache baadaye, katikati ya somo la fizikia, zikaja picha. Ya kwanza, nyumba ya mwalimu, madirisha yamesafishwa. Ya pili, uwanja wa shule, nyasi zimefyekwa, na waliobaki wa mji wote wamekaa langoni kwenye viti vya ukumbi, wazee watupu, mkulima wa kangaruu akiwa na mkongojo, wote uso mkavu mbele ya kamera. Ule ubao wa kuuza ulikuwa umefunikwa gunia. Nililitambua gunia lile. Ya tatu, vitanda. Vyetu vyote, shuka zimepigwa pasi. Chini akaandika kwamba mtu aliyetaka kuinunua shule aigeuze nyumba ya wageni wamemkataa, amekwenda kununua mji mwingine, na kwamba yeye ameipaka mafuta kengele.

Mwalimu wa fizikia akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Na hapo, badala ya kusema ukweli, nikafanya kile wachekeshaji wote hufanya mzaha unapokataa kufa. Nikajificha. Nikatuma kidole gumba. Nikaanza kutunga visa, ndege zimejaa, dada ana mtihani, Papa amenyimwa likizo, na kila kisa nilikifuta kabla ya kukituma, kwa sababu kila kimoja kilimwachia tumaini jingine la kupangusia vumbi. Kengele ya mlango ikilia naruka. Jikoni Maman aliniuliza mara kwa mara nimepatwa na nini, siongei, simchokozi mtu, je, nimempa mtoto wa watu mimba. Ingekuwa afadhali, nakwambia.

Jumamosi moja asubuhi, Papa yuko kazini, dada zangu wameshatoka, tumekaa wawili na chai na mikate ya mafuta, simu ya Maman ikalia. Alikuwa Koko. Kule ni jioni. Maman alifurahi, akaongea Kiingereza chake kinachokwenda kwa magoti, ndiyo, ndiyo, sisi wazima, halafu nikaona sauti yake inapungua. Koko alikuwa anamuuliza kama watoto bado hawanywi maziwa, ili ajue cha kuweka kwenye friji. Maman akasema ngoja kidogo. Akanitazama. Sijui nilikuwa na sura gani, ila ilimtosha. Akauweka mkono juu ya simu.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Maneno yote, hata vitanda. Hakunipiga. Alinisukumia simu kati ya vikombe.

"Bon. Weye njo ulimualika. Ongea naye."

Nikaishika. Nikasema Koko, ni mimi. Akasema anajua, bado ninapumua kama mbwa. Nikamwambia haturudi. Nikasema ilikuwa utani, Koko, nilidhani unajua ni utani.

Upande wa pili nikasikia mlango wa waya. Unagonga, unatulia, unagonga. Nilingoja anicheke, au anitukane, au anionyeshe kuwa alijua tangu mwanzo na sasa nimeshindwa mimi. Ningelipa chochote nishindwe.

"Umeniweza kweli," akasema.

Halafu akauliza kama Brussels kunanyesha. Nikatazama dirishani, kulikuwa kunanyesha, nikamwambia. Akasema vizuri, mvua ni kitu kizuri. Akasema nimsalimie Maman. Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Nikafikiria viti vya ukumbi, nani atavirudisha. Nikafikiria nani atalitoa gunia kwenye ule ubao, na mnunuzi ameshaondoka, na Pasaka itafika kule kama inavyofika hapa. Ule mji ulinipa kitanda, baiskeli, kidole cha kusalimia, na uso huu mkavu ambao wanafunzi wenzangu wanaupenda sana, na nilipoutumia kwa wenyewe nikiwa mbali, nikawanyang'anya hata kile kidogo kilichobaki. Hakuna sehemu tena ya kwenda kuomba radhi. Shule itakaa pale bila watoto na bila wa kuinunua, hadi mchwa waimalize, na picha ya mwisho ukutani ni mimi nimefumba macho.

Maman alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Nilitaka aseme kitu chochote kikali ili nipate cha kujitetea. Akanimiminia chai, akasogeza kikombe mbele yangu, akasema:

"Sasa hivi eko anatandua vile vitanda. Peke yake, na magoti ile. Kunywa, chai inapoa."