Mbu Waliokataa Kufa Nyumbani Kwetu

Sisi tuliokulia Palma zamani tulicheza kombolela mpaka magharibi, tukala muhogo wa nazi, tukaumwa na mbu bila kumlaumu mtu. Homa ikikupata, mama alikufunika shuka zito na kukwambia, "Jasho likitoka, utainuka." Dada yangu Mwanaisha alifunikwa hivyo, akakaribia kutoinuka. Baada ya kupona kwake, wapulizaji walipopita mtaani kunyunyizia kuta dawa ya mbu, mama alikuwa wa kwanza kuwafungulia mlango.

Baadaye wakaja watu kupima kama dawa ile ukutani bado inaua. Walikuja na mbu wao, wa kufugwa. Mbu hao walikaa kiti cha mbele garini, wamefunikwa taulo mbichi wasipate joto, wakinywa maji ya sukari. Manesi waliokuja nao walibanana nyuma. Sisi sukari tuliiona Idi tu.

Mzee Bakari, katibu wa mtaa, aliwaleta kwetu akijisifu kwamba nyumba yetu ni ya mfano. Wakabandika vikombe vya plastiki ukutani, wakatia mbu ndani, tukangoja. Kwa jirani mbu walikuwa wameanguka chali. Kwetu walitembea ukutani kama waliokuja kuposa.

Kiongozi wao, tuliyemwita dotori, akasema pengine dawa imeisha nguvu. Mzee Bakari akatoa hotuba ndefu kuwalaumu mbu kwa kukosa ushirikiano na serikali. Mama alimtazama Mwanaisha, kisha akasema polepole, "Dotori, mbu hawana kosa. Ukuta niliupaka chokaa juzi, kwa arusi ya mdogo wangu. Dawa iko chini yake."

Mzee Bakari akamnong'oneza kwamba anamwaibisha mbele ya wageni.

"Aibu yako nitaibeba, mzee wangu," mama akamjibu. "Homa ya mtoto nimeshaibeba."

Nyumba ikapuliziwa upya. Majirani walikuja kutusaidia kutoa vitanda, makabati na masufuria ya arusi, huku wakiimba. Bibi arusi alitoka kwenye kuta zenye madoa, ananukia udi na dawa ya mbu. Hakuna aliyejali.

Vijana wa leo wana feni, mafuta ya mbu yenye harufu ya maua, na chandarua walichokigeuza banda la kuku. Juzi wapulizaji walipita kwa mwanangu, nami nikiwa pale. Akawajibu kupitia dirisha, macho kwenye simu, kwamba televisheni yake haihamishiki. Nikawaomba wasubiri, nikaanza kutoa viti mwenyewe. Nilipofika kwenye kitanda nilisimama, nikatazama nje kutafuta mtu wa kushika upande wa pili.