Jiko Jipya la Gvozden

Fundi Ratomir alijenga majiko ya vigae ya kupasha nyumba joto hapa mjini Sombor miaka arobaini na mitatu, na hakuna nyumba hata moja aliyoijaza moshi. Matofali aliyajua vizuri. Binadamu, hao walimpiga chenga.

Tangu mkewe Jagoda afariki, alibaki na paka, redio, na simu yenye maandishi madogo kama chawa. Binti yake Senka akamletea kompyuta ya mezani.

"Baba, ule mtandao wa kijamii unaoutazama simuni umetoa programu ya kompyuta. Bado iko kwenye majaribio. Ijaribu, maandishi yake unasoma hata ukiwa jikoni."

"Na nikiona kasoro?"

"Unawaandikia. Ndiyo kazi ya anayejaribu."

"Kutafuta kasoro kwenye kazi za watu nimezoea. Iweke."

Akaiweka, akarudi zake mjini Novi Sad. Asubuhi iliyofuata mzee akavaa miwani, akakaa kama anayesubiri daktari wa meno. Programu ilikuwa pana kweli. Simuni alizoea kuona picha moja moja, zile mtandao ulizomchagulia. Hii ilikuwa na safu upande wa kulia, na safu ile haikuchagua wala kusitiri: kila picha rafiki yako aliyoandika neno chini yake, hiyo hapo, hata kama mwenye picha humjui.

Picha ya kwanza iliwekwa na mpwa wa rafiki yake Gvozden. Meza ndefu, watu kumi na tisa, mkate wa sikukuu, mshumaa unawaka. Nyuma yao, jiko la vigae vya kijani.

Jiko lile Ratomir alilijenga mwezi wa tisa kwa mikono yake, na hakuchukua hata dinari. Angechukuaje? Gvozden ndiye aliyemsimamia harusi, ndiye baba wa ubatizo wa Senka. Kwetu mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panapouma. Kila ukoo una mtakatifu wake, na sikukuu ya mtakatifu huyo haina mwaliko. Aliyekula mkate wako siku hiyo mara moja huja kila mwaka mwenyewe, na hakuna anayerudishwa mlangoni. Ukitaka mtu asije, njia ni moja tu: umwambie mwaka huu hamsherehekei. Na Gvozden alimwambia hivyo hivyo. "Desanka mgongo umemshika, swahiba. Mwaka huu hata mshumaa hatuwashi." Ratomir akaona huruma, akampelekea mke wa rafiki yake mafuta ya kuchua.

Pichani Desanka mwenye mgongo mbovu alikuwa amepanda juu ya kiti, anashusha bilauri kabatini.

Chini yake mpwa ameandika: "Mwaka huu tumekula bila kilio." Na Gvozden amejibu kwa kile kikatuni cha uso unaocheka: "Mliaji tumemwacha kwake."

Ratomir alisoma mara tatu. Mwaka jana, kwenye meza hiyo hiyo, walipoinua bilauri kuwakumbuka marehemu, alimtaja Jagoda akashindwa kumaliza, akalia mbele za watu. Gvozden alimshika bega. Mkono ule ule ndio ulioandika haya. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna anayekwambia kwamba kinacheka pia.

Akampigia simu, picha bado iko mbele yake.

"Desanka anaendeleaje?"

"Yuko kitandani, maskini. Hata kuinama hawezi."

"Mpe pole," akasema Ratomir, akakata. Alijisikia mjinga, mzee, na mpweke kuliko siku aliyomzika Jagoda.

Kijisanduku kikajitokeza kwenye kioo: Je, umeona kasoro yoyote? Akaandika kwa kidole kimoja: "Kwenye programu, hapana."

Mwezi mzima na zaidi alifanya mazoezi ya sentensi moja. Mtakatifu wa ukoo wake ni Nikola, tarehe kumi na tisa Desemba. Gvozden atakuja, na yeye atasimama mlangoni aseme: mwaka huu hatusherehekei. Aliisema kwa paka, aliisema akinyoa ndevu.

Siku ikafika. Supu ya samaki ikachemka, Senka akawasha mshumaa, kengele ikalia. Gvozden, chupa ya divai mkononi, theluji mabegani.

"Heri ya sikukuu, swahiba."

Sentensi ilikuwa tayari. Lakini mshumaa ulikuwa unawaka nyuma yake, na mbele ya mshumaa ule Ratomir hakuwahi kusema uongo.

"Desanka yuko wapi?"

"Mgongo, bwana."

"Na juu ya kiti alipandaje?"

Gvozden akaihamishia chupa mkono wa pili.

"Kompyuta imenionyesha," Ratomir akasema. "Jiko limetoka vizuri. Na ulichoandika nimekisoma."

"Ulikuwa utani, Ratomir."

"Desanka alipojifungua, Jagoda alilala kwenu wiki tatu akifua nepi. Huyo ndiye ninayemlilia."

Gvozden aliinamisha kichwa, akageuka aondoke. Ratomir akamshika mkono wa koti.

"Ingia. Mlangoni pangu harudishwi mtu. Na ukijisikia kulia, lia. Kwangu ruksa."

Akamkalisha karibu na jiko, akampakulia supu kabla ya wageni wote. Walipokwisha kuwakumbuka marehemu, aligonganisha bilauri na kila aliyekuwa mezani, isipokuwa Gvozden.