Bastola Mbili na Mkono wa Mume Wangu

Tangu lini Mzungu akampa mfanyakazi wake bastola aijaribu? Nilijiuliza hivyo Jumapili moja kule juu ya Bihambwe, na mpaka leo mtu akinichekea bila sababu swali hilo linanirudia. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nikifua na kupiga pasi nguo za Mzungu mmoja mwenye shamba la pareto, na mume wangu alifanya kazi kwenye tanuri la kukaushia maua.

Mume wangu alikuwa mtu wa Walikale, mtoto wa msitu. Kwetu Kibabi walinionya: watu wa kule asubuhi wako misani, jioni wako kwenye mambo yao ya kale. Niliolewa naye hivyo hivyo, kwa ukaidi wangu. Alikuwa mpole na mchapakazi. Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Mara kwa mara aliomba ruhusa aende kumwona mama yake, na kila aliporudi alikuja na nyama ya kukaushwa kwa moshi. Nikimwuliza nani ameua, anasema wajomba zake wametega. Siku moja nusura nivunje jino kwa kipande cha chuma kilichokuwa ndani ya nyama ile. Nikamwonyesha. Akakigeuza geuza, akaniambia kwa macho makavu kwamba labda sufuria yangu imebanduka.

Mimi nilipikia chungu cha udongo. Tangu hapo sikumeza neno lake bila kulitafuna kwanza.

Mweusi kukutwa na bunduki ya kuficha enzi zile haikuwa mchezo. Ilikuwa gereza, na baada ya gereza kupelekwa mbali, watoto wakue bila kukujua. Ndiyo maana damu ilinisimama siku ile nyati alipokutwa amekufa mpakani mwa shamba, ubavu wake umejaa vipande vya chuma vya bunduki ya kienyeji. Askari walipekua nyumba zetu, hawakupata kitu. Mzungu akatuambia yamekwisha, turudi kazini. Mimi sikuamini. Hasira yake niliijua, ilikuwa ya kelele na matusi, na safari hii alikuwa akitabasamu.

Jumapili, baada ya misa, akaja mgeni wake, ofisa wa serikali, pamoja na askari mmoja. Nilikuwa barazani na pasi ya makaa, mtoto wetu mdogo mgongoni, maana nguo za ofisa zililowa mvua njiani. Wakabandika vifuniko vya makopo ya maziwa kwenye gogo la mkaratusi, wakatoa bastola zao. Ya ofisa ilikuwa kongwe, nzito, yenye gurudumu la risasi katikati. Ya Mzungu wetu ilikuwa mpya, bapa, ya kujipakia yenyewe. Walikuwa wakibishana ipi inapiga teke zaidi na ipi ina shabaha.

Ile ya gurudumu teke lake lilikwenda juu. Kila ilipolia mkono wa ofisa uliruka hadi usawa wa kofia yake, na risasi zilizofuata ya kwanza zikapita juu ya gogo. Ile bapa ilisukuma nyuma tu, kwa ufupi, na matundu yake yakakaa karibu karibu. Mzungu wetu akajisifu.  Ofisa akaishika kongwe yake kwa mikono miwili, akawa anatulia baina ya mlio na mlio, na kifuniko kikatoboka katikati kabisa. Wakabadilishana. Bastola mpya, mkononi mwa ofisa, ikawa inakwenda kushoto, na Mzungu wetu akasema kosa ni la kidole. Hata mimi na pasi yangu nilielewa: anayeharibu shabaha ni yule anayelingojea teke, akakaza mkono kabla halijaja. Aliyelizoea hakazi.

Nilipolielewa hilo, ndipo Mzungu alipowaita wanaume wote wa tanuri.

«Leo tunacheza», akasema kwa Kiswahili chake. «Kila muntu atapiga mara moja na hii, mara moja na hii. Tunataka kujua gani iko muzuri kwa muntu asiyejua.»

Wanaume wakacheka. Mimi nilimtazama askari. Yeye hakucheka, wala hakutazama gogo, alitazama mikono ya watu. Nikaiweka pasi pembeni kabla sijaunguza shati.

Wa kwanza alifumba macho, wa pili akaiangusha bastola akakimbia, na kila mtu akajishika mbavu. Kisha zamu ya mume wangu. Akachukua ile ya gurudumu kana kwamba ameshikishwa nyoka. Ikalia, mkono ukaruka, naye akaanguka chini kwa matako, miguu juu. Wote wakacheka sana. Mimi nilikuwa nimemwona mume huyo akivuka mto uliofurika akiwa na gogo begani. Alikuwa anajitia hamnazo, na moyoni nikamwambia aendelee hivyo hivyo.

Wakampa ile bapa. Akafumba jicho lisilofaa, akafyatua, udongo ukaruka mbali na gogo. Vizuri sana. Lakini bastola ile, tofauti na ile kongwe, hutema ganda la risasi iliyokwisha kulia. Ganda likaruka upande wa kulia, na kabla halijatulia kwenye majani mkono wa mume wangu ulikuwa umeshalichukua, amepuliza moshi uliobaki tunduni mwake, amelichomeka kwenye mkunjo wa kaptula yake. Yeye mwenyewe hakujua kwamba amefanya hivyo. Wawindaji wa kule kwao, wale wenye bunduki za kuficha, hawaachi ganda. Wanalipuliza lisishike kutu, kisha wanalijaza tena baruti na vipande vya chuma.

Kicheko kikakatika. Ofisa akanyoosha kidole.

«Weye iko naweka nini pale?»

Mume wangu akageuka rangi ya majivu. 

«Iko yangu, Bwana», nikasema. Sikujua kwamba nitasema. Nilikuwa nimeshashuka barazani. «Ni mimi nilimuomba. Ya mutoto. Ya kuliza mu kiuno, nimusikie akianza kutambaa.»

«Na kupuliza?»

«Moshi, Bwana. Mutoto anawekaka kila kitu mu kinywa.»

«Onyesha.»

Nikalichomoa kwenye kaptula ya mume wangu. Lilikuwa bado la moto, likaniunguza vidole, sikukunja hata uso. Nikaokota lingine kwenye majani. Nikavuta uzi kwenye pindo la kitenge, nikaufunga kwenye kile kijifereji cha kitako cha kila ganda, nikamshusha mtoto na kumfunga yote mawili kwenye shanga za kiuno chake, taratibu, nikimwimbia. Mtoto akajitikisa, yakalia. Ofisa akamtazama, akanitazama mimi, akatazama tena mtoto. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, akacheka, akamwambia askari akusanye mengine anipe.

Tuliondoka. Njia nzima nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtu aliyenyakua chake mdomoni mwa chui. Nilingoja anishukuru. Tulipofika penye mgomba wetu wa kwanza akasimama.

«Mama, ile uongo ulitoa wapi?»

«Na weye, ile bunduki unafichaka wapi?»

«Iko kwa wajomba, mu pori. Sasa unajua yote.» Hakupandisha sauti. «Nilikuwa nakutazama pale. Uso haukucheza. Hata mimi nilikuamini, nikasema kumbe aliniomba, ni mimi nimesahau. Sasa mimi nitajua nini juu yako?»

Nikamwambia nilisema kwa ajili yake. Akasema anajua. Nikamwambia sijawahi kumdanganya yeye. Akaitikia kwa kichwa, polepole, vilevile ofisa alivyoitikia.

Hakwenda tena Walikale. Wajomba walituma watu kumwita, akakataa, na majirani wakadhani ameogopa askari. Hawakujua kitu. Alikaa nyumbani anione ninakokwenda. Niliponda mihogo akinitazama, niliungama kwa padri akiningoja mlangoni, na kila niliporudi kutoka soko la Sake alininusa nguo kabla hajanisalimu. Iliniuma sana. Neno lolote ambalo ningelisema kumtuliza lingetoka kwenye mdomo uleule uliomdanganya ofisa.